Kosa si la abiria: anayeuza tiketi aseme njia inapita wapi

MUGUNGA, Goma, mwezi wa 11, 2025. Msafiri akirudishwa kwenye uwanja wa ndege, maneno ni yale yale. Ajansi iliyomuuzia tiketi inasema: "Hakuuliza." Kampuni ya ndege inasema: "Hana viza." Majirani nao wanasema: "Alikimbilia bei ya chini." Vidole vyote vinaelekea kwa mtu mmoja, yule aliyekuwa na habari chache kuliko wote, na ndiye aliyelipa.

Maneno hayo si ya haki. Hapa Mugunga tiketi ya ndege si pesa ya mtu mmoja. Ni ya shangazi aliyeuza mbuzi, ni ya kaka anayeendesha pikipiki, ni ya waumini waliopitisha kikapu kanisani, ni ya mjomba aliye Bulaya aliyetuma kidogo alichopata. Tiketi hiyo ikipotea, ukoo mzima unabaki na deni. Kwa hiyo iulizwe wazi: nani alijua kwamba njia ile haipitiki, na kwa nini alinyamaza?

Kwenda Kinshasa kumekuwa kwenda nchi za nje

Kabla ya mwaka 2025, mtu wa Goma aliyekuwa na safari ya Kinshasa alipanda ndege hapa hapa, na baada ya masaa machache alikuwa ameshuka Ndjili. Hakuvuka mpaka wowote. Karte ya mchaguzi ilimtosha.

Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa AFC/M23. Tangu siku hizo za vita, uwanja wa ndege wa Goma umefungwa kwa abiria. Mwezi wa pili, serikali ya Kinshasa ikafunga anga ya Congo kwa ndege zilizoandikishwa Rwanda. Sasa anayetaka kwenda Kinshasa kwa ndege anavuka mpaka kuingia Gisenyi, anapanda gari kilomita kama 150 mpaka Kigali, anaruka mpaka Nairobi, Addis Ababa au Entebbe, anasubiri huko, kisha anapanda ndege nyingine ya kumrudisha Congo. Wengine wanazunguka Uganda kwa gari ili wafike Beni, watafute ndege huko. Mkongomani anahitaji pasipoti ili afike mji mkuu wa nchi yake mwenyewe.

Na pasipoti yenyewe inaanzia kwenye karatasi ambazo wengi hawana tena. Mabomu yalianguka kwenye makambi ya wakimbizi wa vita hapa Mugunga tarehe 3 mwezi wa tano 2024. Mwezi wa pili 2025 wakimbizi waliambiwa waondoke makambini ndani ya siku chache, na mahema yakang'olewa. Katika kukimbia huko, karte, vyeti vya kuzaliwa na diploma viliachwa, vililowa au viliungua. Wengi wa familia hizo ni wa Masisi na Rutshuru, mahali ambapo uchaguzi wa mwezi wa 12, 2023 haukufanyika. Benki nazo zilifunga milango yake Goma mji ulipoanguka. Mtu anayetoka katika hali hiyo ndiye anayeambiwa leo kwamba angejisomea mwenyewe sheria za viza za nchi asizozijua.

Safari hizi zimefundisha wakaaji neno ambalo zamani lilikuwa la wafanyabiashara wa Dubai na Guangzhou: eskale. Ni pale ndege ya kwanza inapokushusha katika nchi ya tatu, ukangoja ya pili. Eskale ya Nairobi ina uchovu wake, lakini haina mtego mkubwa wa karatasi. Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu mwezi wa tisa 2023 Kenya haiwaombi Wakongomani viza. Addis Ababa nako, anayebaki ndani ya eneo la abiria wanaopita, akiwa na tiketi moja mpaka mwisho wa safari, anabadilisha ndege bila kuombwa viza.

Mtego uko mbele zaidi, na watu wengi wanaujua wakati pesa imekwisha kulipwa.

Viza ya kukaa kwenye kiti

Tuseme kijana wa Mugunga amepata nafasi ya masomo Tunisia. Karatasi zake za Tunisia ziko sawa. Komisioneri anamtafutia tiketi ya bei nafuu: Kigali, Brussels, Tunis. Eskale ya Brussels ni ya masaa saba. Hataona mji wa Brussels hata kwa dirisha la teksi. Atakaa kwenye kiti, atakula mkate aliobeba, atangoja jina la ndege yake litokee kwenye kibao. Lakini Kigali, kwenye meza ya kupima mizigo, anaambiwa: huwezi kupanda, huna viza ya transiti.

Viza hiyo inaitwa viza A. Sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 ina orodha ya nchi ambazo raia wake wanatakiwa kuwa nayo hata kama hawatoki nje ya eneo la kusubiria. Orodha hiyo ya pamoja ina nchi 12: Afghanistan, Bangladesh, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Eritrea, Ethiopia, Ghana, Iran, Iraq, Nigeria, Pakistan, Somalia na Sri Lanka. Angalia majirani zetu. Rwanda haimo. Uganda, Burundi, Tanzania na Kenya hazimo. Mtu wa Gisenyi na mtu wa Goma wanaweza kukaa viti viwili vinavyofuatana katika ndege ile ile. Orodha hiyo inamgusa wa Goma, haimgusi wa Gisenyi.

Bei ya viza hiyo, tangu mwezi wa sita 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11. Ni pesa ya kukaa. Halafu ombi, kwa kawaida, linawekwa katika nchi unamoishi. Kwa Mkongomani maana yake ni Kinshasa. Basi kijana wa Mugunga, ili aruhusiwe kubadilisha ndege Brussels, kwanza avuke mpaka, aende Kigali, aruke mpaka Nairobi au Addis Ababa, angoje, aruke mpaka Kinshasa, atoe alama za vidole, asubiri jibu ambalo sheria inalipa siku 15, kisha arudi njia ile ile. Ni safari nne za ndege kwa ajili ya ruhusa ya kukaa masaa saba.

Wanaotetea sheria hii wana hoja yao. Wanasema wapo waliojifanya wapitaji, wakashuka na hawakuendelea. Ni kweli wapo. Lakini sheria yenyewe inaonyesha haiogopi wapitaji wote. Mkongomani mwenye viza halali ya Canada, Marekani au Japan hahitaji viza A. Mwenye karatasi za Tunisia au Algeria anaihitaji. Kwa hiyo wanaamini karatasi za nchi tajiri na kudharau za wengine. Na kuna wengine walioachiliwa katika sheria hiyo hiyo: wenye pasipoti za kidiplomasia. Waziri wa Congo anapita. Mtoto wa mkulima wa Masisi anayekwenda masomo hapiti. Pengine ndiyo sababu viongozi wetu hawajapiga kelele kubwa juu ya jambo hili; halijawahi kuwafunga wao mlango.

Tarehe 30 mwezi wa 10, 2025, Rais Emmanuel Macron aliita mkutano Paris juu ya Maziwa Makuu, akatangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada katika wiki zinazofuata. AFC/M23 ikapinga. Tuache ubishi huo kwa wenyewe. Lakini tuseme hili: serikali inayohuzunika kwamba watu wa Goma hawana njia ya anga inaweza kuanza na njia iliyo mikononi mwake. Kiti cha kusubiria cha Roissy hakihitaji mazungumzo na kundi lolote lenye silaha.

Mtoto wa miaka 5 wa Brussels

Kuna watakaosema hayo ni malalamiko ya watu wa kupenda safari. Basi wakumbuke kesi moja ambayo kila Mkongomani angepaswa kuijua.

Mwezi wa nane 2002, msichana mdogo wa Congo, wa miaka 5, alifika uwanja wa ndege wa Brussels na mjomba wake, raia wa Uholanzi. Mama yake alikuwa Canada, amekwisha kupewa hifadhi ya ukimbizi huko. Mjomba alikuwa amemchukua akae naye mpaka atakapoweza kumfuata mama. Mtoto hakuwa na karatasi zinazotakiwa. Wakubwa wa Ubelgiji wakamtenga na mjomba wake, wakamweka katika kituo cha kufungia watu karibu na uwanja wa ndege, kituo cha watu wazima, kwa karibu miezi miwili. Mwezi wa 10 wakampandisha ndege na kumrudisha Kinshasa bila ndugu hata mmoja pamoja naye. Alipofika, hakukuwa na mtu wa familia wa kumpokea.

Habari ilipowafikia wakubwa wa serikali za Ubelgiji na Canada, mlango ulifunguka haraka: kabla ya mwezi huo kwisha, mtoto alikuwa kwa mama yake. Karatasi iliyokosekana kwa miezi ilipatikana kwa siku.

Tarehe 12 mwezi wa 10, 2006, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilihukumu kwamba Ubelgiji ilivunja haki za mtoto yule na za mama yake. Mahakama haikukataa kwamba nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Ilichosema ni kwamba haki hiyo haifuti utu wa mtu aliye mbele yako, na zaidi akiwa mtoto.

Kesi ile ina fundisho kwa Mugunga ya leo. Hapa kuna wake wanaongoja kuitwa na waume zao, na watoto wanaongoja kuitwa na wazazi. Karatasi moja iliyokosekana katikati ya njia si usumbufu wa siku moja. Inaweza kumfungia mtoto mahali ambapo hakuna anayesema lugha yake.

Nani alijua?

Turudi kwa neno "hakuuliza". Karani wa Kigali aliyemzuia kijana wetu alijuaje? Hakusoma vitabu usiku. Kampuni za ndege zina programu inayoitwa Timatic, ya shirika la IATA. Karani anaandika uraia wa abiria, nchi anazopita na anapokwenda, na majibu yanatokea. Anafanya hivyo kwa sababu kampuni ikimbeba mtu asiye na karatasi, nchi za Ulaya zinaitoza faini. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2001 inataja viwango vya euro 3,000 mpaka 5,000 na zaidi kwa abiria mmoja. Na inabidi imrudishe kwa gharama yake. Karani yule si adui. Analinda mfuko wa mwajiri wake.

Lakini kama jibu linapatikana kwa dakika moja siku ya kuondoka, lingepatikana kwa dakika moja pia siku ya kuuza. Ajansi yenye kibali inaona uraia wa mteja kwenye pasipoti iliyo mezani. Inaona njia kwenye kioo cha kompyuta. Habari ya viza iko hatua moja kutoka hapo. Wanaonyamaza hawanyamazi kwa sababu hawajui. Wananyamaza kwa sababu mteja akijua atatafuta njia nyingine, na komisheni itakwenda kwingine. Na ambaye kweli hajui, basi anauza kitu asichokijua, na hilo nalo lina jina lake.

Muuza dawa akikupa dawa mbaya hakuambii "hukuuliza". Fundi akikujengea nyumba bila msingi hakuambii "hukuuliza". Kwa nini muuza safari peke yake ndiye asiyejibu?

Serikali nayo haitoki mikono mitupu. Tangu 2009 abiria anayetoka Congo kwenda nje analipa Go Pass. Taifa lililojua kumtoza abiria pesa hiyo lilishindwa kubandika ukutani karatasi moja, kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, ikisema ni nchi gani zinaomba viza ya transiti kwa Mkongomani.

Kinachodaiwa

Mambo yanayodaiwa si makubwa.

Kwanza, ajansi na makomisioneri wa Goma, Gisenyi na Kigali waandike kwenye risiti, kabla ya kushika pesa: njia inapita nchi gani, na je, Mkongomani anahitaji viza huko, ndiyo au hapana. Wakiandika hapana na ikawa ndiyo, warudishe pesa yote. Wanaofanya kazi kwa uaminifu, na wapo, hawana cha kuogopa.

Pili, Kinshasa idai kwa sauti jina la Congo litoke kwenye orodha ile, na wakati inangoja, idai kituo cha kupokea maombi karibu na watu wa mashariki. Mbunge anayesafiri kwa pasipoti ya kidiplomasia asidhani jambo hili limekwisha kwa sababu yeye amepita.

Tatu, nchi za Ulaya zitambue kwamba kumwambia mtu wa Goma aombe viza A Kinshasa, wakati uwanja wake umefungwa, ni kumkatalia bila kuandika neno "hapana".

Wakati hayo yanangojwa, familia zisiuziwe gizani. Kabla ya kutoa dola ya kwanza, maswali yaulizwe na majibu yaandikwe. Je, hii ni tiketi moja mpaka mwisho, au ni mbili zilizounganishwa kwa bei? Zikiwa mbili, mara nyingi mzigo unatolewa katikati, na kuuchukua ni kuingia nchi ile, kwa hiyo ni viza ya kuingia. Je, nabadilisha uwanja au mji? Anayeshuka Brussels na kuendelea mpaka Paris kabla ya kuvuka bahari amekwisha kuingia Ulaya. Viza A haimsaidii, na viza ya Canada pekee haimtoshi. Je, njia inapita London? Uingereza ina orodha yake, na Congo imo. Je, inapita Marekani? Huko hakuna kupita bila viza, hata kwa saa moja, tangu 2003. Canada nayo inataka viza ya transiti, ingawa hiyo hailipiwi.

Na kwa eskale ndefu yenyewe, hata ile ya Addis Ababa au Nairobi: uliza siku ya kununua kama kampuni inatoa hoteli au chakula, kwa sababu baadhi zinatoa eskale ikiwa ndefu, lakini hazimkimbilii asiyeomba. Kwenda hoteli ni kutoka nje, kwa hiyo pasipoti itaangaliwa. Dawa, maziwa ya mtoto, nguo moja ya baridi, karte ya manjano ya chanjo na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi vibaki mkononi, visiingie kwenye sanduku linalopakiwa chini. Ukishuka, fuata kibao cha transiti, usifuate watu wanaotoka. Mtoto asiyesafiri na wazazi wake wote wawili awe na barua ya ruhusa. Asiyeelewa lugha asione aibu kuonyesha tiketi yake kwa mfanyakazi mwenye beji na kusimama hapo mpaka aonyeshwe mlango wake.

Watu wa Mugunga wamejifunza mambo mengi bila kufundishwa: kuamka usiku na kubeba watoto, kujenga hema juu ya mawe ya Nyiragongo, kuanza tena. Wanaweza kujifunza na haya. Lakini kujifunza kwao kusiwe kisingizio cha wanaojua na kunyamaza. Pesa ikichukuliwa kwa njia isiyopitika, aliyeichukua ndiye wa kujibu. Mwenye tiketi iliyokufa aende na risiti yake, aende na jirani wawili wa kushuhudia, na aulize mbele ya watu: "Uliijua njia hii? Kama uliijua, pesa yangu iko wapi?"